NGAZI YA UDAKTARI ISIKATWE VIPAGO

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Taifa litoapo matokeo ya Kidato cha Sita, mkoa wa Simiyu hugawanyika kwa siku kadhaa katika nyumba za vigelegele na nyumba za kimya. Toka Lamadi ukingoni mwa ziwa hata Mwanhuzi kule Meatu, hazikosekani nyumba ambazo kijana wake alichukua masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, majirani wakaanza kumwita daktari kabla hajagusa mgonjwa, kisha matokeo yakaja na alama zisizompeleka Muhimbili wala Bugando. Wengine huipata habari hiyo baadaye zaidi. Hao wameingia chuo kikuu kusoma shahada ya sayansi, wakitumaini kuvuka kutoka huko kwenda kwenye udaktari, nao wamaliza mwaka wa pili au wa tatu wakiwa na alama hafifu, na wazazi wao Bariadi wangali wakiwaambia wageni kwamba mtoto asomea udaktari.

Twataka leo kusema na vijana hao, na kusema na wazazi wao, na kusema pia na wale wote wenye mamlaka juu ya milango ya vyuo. Maana jambo hili hudhaniwa kuwa ni msiba wa mtu mmoja, nalo si la mtu mmoja. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Simiyu ina watu 2,140,497. Ilhali mwaka 2012, ambao ndio mwaka mkoa wenyewe ulipoanzishwa, walikuwa 1,584,157. Yaani katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya laki tano na nusu. Watu hao wote ni wa kuzaliwa, kuchanjwa, kuugua malaria na kichocho, kuvunjika miguu kwa pikipiki, na kujifungua usiku wa manane. Mkoa wa namna hiyo hauwezi kumtupa kijana atakaye kutibu, ikiwa iko njia ya halali ya kumfikisha. Wala hauwezi kumkabidhi kisu cha upasuaji mtu asiyejua kazi. Katikati ya mambo hayo mawili ndimo yalimo maneno yetu ya leo.

ALAMA YASEMA NINI?

Kwanza tuiangalie alama yenyewe. Wako wasemao kuwa alama ni kipimo cha akili, na aliyeshindwa ameshindwa. Wako na wengine, hasa siku hizi, wasemao kuwa alama si kitu, lililo kubwa ni moyo. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yameacha njia.

Tukumbuke mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa mwezi wa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi wa Mei mwaka huo huo ikatangazwa kuwa matokeo yale yafutwa ili alama zipangwe upya. Je, yawezekana watoto wa nchi nzima wapumbazike pamoja katika mwaka mmoja? Haiwezekani. Kilichopimwa mwaka ule hakikuwa vichwa vya watoto peke yake. Yalipimwa pia madarasa yasiyo na vitabu, masomo yasiyo na walimu, na shule za kata zilizoinuliwa kwa haraka kwa jasho la wananchi kabla ya wafundishaji kupatikana. Katika mwaka huo wa 2012 ndipo Rais Kikwete alipoagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Na agizo hilo lenyewe latosha kutuambia kwamba shule nyingi hazikuwa nazo. Mtoto aliyejifunza Kemia kwa kutazama chupa iliyochorwa ubaoni hakushindana kwa haki na mwenzake aliyeishika chupa ile kwa mkono wake.

Kwa hiyo alama hafifu yaweza kuwa ushahidi juu ya shule kama ilivyo ushahidi juu ya mwanafunzi. Lakini tusiishie hapo, maana mgonjwa hana habari na maabara ya shule yetu. Mtoto mchanga aletwaye hospitalini Somanda akiwa na degedege hapewi dawa kwa kukisia. Hupewa kwa hesabu ya uzito wake, na nukta ya desimali ikiwekwa mahali pasipo pake dozi huzidi mara kumi. Maji ya mishipani yana Kemia yake. Mashine ya mionzi ina Fizikia yake. Damu ya kuongezwa ina Baiolojia yake, nayo isipolingana na ya mgonjwa huua. Asiyejua mambo hayo ni hatari, hata awe na huruma kiasi gani. Haki ya mgonjwa ya kutibiwa na mtu ajuaye haiwezi kupunguzwa ili kijana fulani asikate tamaa.

Basi jibu ni lipi? Jibu ni kwamba alama hutuambia mtu alikuwa anajua nini siku ile, lakini haituambii atakuwa anajua nini baada ya miaka sita ya kufunzwa na kufanya kazi. La kwanza ni sababu ya kumzuia asipite leo. La pili ni sababu ya kuacha njia wazi apite kesho, akiisha kujifunza asiyoyajua. Kipimo kibaki pale pale kilipo. Bali nafasi ya kurudi kupimwa isiwe moja tu maishani.

JINSI NCHI HII ILIVYOPATA WAGANGA WAKE

Hayo tunayoyasema si mageni katika nchi yetu. Katika Usukuma wa zamani uganga ulijifunzwa kwa kumfuata mkubwa, miaka kwa miaka, mwanafunzi akichimba mizizi na kuchunga ng'ombe wa mwalimu wake mpaka aaminiwe. Hata vyama vikubwa vya ngoma vya Bagika na Bagalu vyajulikana kuwa vilitoka kwa waganga wawili walioshindana kwa dawa. Hakuna aliyekuwa mfumu kwa asubuhi moja, na hakuna aliyekataliwa kwa asubuhi moja.

Utawala wa Waingereza ulipokuja na tiba ya hospitali, ulianza chini kabisa. Toka miaka ya 1920 zahanati ndogo za tawala za wenyeji zilihudumiwa na watu waliofunzwa kwa muda mfupi kusafisha vidonda na kutoa dawa chache, ambao wazee wetu waliwaita madresa. Mwafrika wa Tanganyika aliyetaka kupanda juu zaidi ilimpasa avuke mpaka aende Makerere, Uganda. Naye hata alipofuzu huko, serikali ya kikoloni ilimpa cheo cha daktari msaidizi, kana kwamba elimu yake ilikuwa nusu. Dakta Vedasto Kyaruzi, aliyekiongoza chama cha TAA mwaka 1950, kisha akahamishiwa Kingolwira na baadaye Nzega, alikuwa miongoni mwa madaktari wa Makerere wa zama zile. Wangapi walifika huko? Mwalimu Nyerere, akizungumza miaka mingi baada ya Uhuru, alisema kuwa Waingereza walipoondoka walituachia madaktari 12 tu.

Nchi yenye madaktari 12 ingefanya nini? Ingengoja vijana wapate alama za juu kabisa ndipo itibu watu wake? La. Ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1963 ilifungua shule ya udaktari Dar es Salaam, ambayo mwaka 1968 iliingizwa katika chuo kikuu, na ndiyo mzizi wa Muhimbili ya leo. Na pamoja na hayo ilijenga ngazi ya watu wa kati. Ifakara, mwaka 1961, kulifunguliwa kituo cha mafunzo kwa msaada wa Waswisi. Na baadaye vyuo vya namna hiyo vikaenea mikoani. Kijana wa darasa la saba aliweza kuwa mganga wa zahanati ya kijiji. Akifanya kazi vizuri aliweza kurudi chuoni akawa mganga msaidizi, ambaye leo tunamwita afisa tabibu. Na afisa tabibu akiisha kufanya kazi miaka kadhaa aliweza kuchaguliwa kusoma tena, akawa daktari msaidizi, yule wahudumu walimwita kwa herufi tatu, AMO, mwenye ruhusa ya kupasua.

Je, watu hao waliopanda kwa vipago walikuwa madaktari wa mashaka? Jambo hili limechunguzwa, na majibu yake yalichapishwa mwaka 2009. Wataalamu walizitazama hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wakalinganisha upasuaji wa dharura wa akina mama wajawazito uliofanywa na AMO na ule uliofanywa na madaktari wa shahada. Waligundua kuwa sehemu kubwa ya upasuaji huo ilikuwa mikononi mwa AMO, na hawakuona tofauti ya maana katika usalama wa mama na mtoto kati ya kundi moja na jingine. Ikumbukwe kuwa siku zile wilaya ya Busega ilikuwa ingali sehemu ya Magu, katika mkoa wa Mwanza. Wako katika mkoa wetu leo watu wazima waliotolewa matumboni mwa mama zao na mikono ya watu ambao Kidato cha Sita hawakukiona.

SHERIA YA LEO

Sasa tuje katika masharti ya leo, maana kijana akitaka kusafiri lazima aijue barabara. Anayesimamia masharti ya kuingia vyuo vikuu ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Miongozo yake ya miaka ya karibuni imetaja milango miwili ya kuingia masomo ya udaktari wa binadamu.

Mlango wa kwanza ni wa Kidato cha Sita: mwombaji awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa jumla ya pointi zisizopungua sita, wala asiwe chini ya D katika somo lolote kati ya hayo. Hapa A huhesabiwa pointi tano na D pointi mbili. Lakini msomaji asidanganyike: hicho ni kizingiti cha kuombea nafasi, si cha kupewa. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na chuo huanza kuwachukua walio juu.

Mlango wa pili ni wa stashahada. Aliyesoma stashahada ya utabibu, yaani afisa tabibu, akapata wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, aweza kuomba kuingia mwaka wa kwanza wa udaktari pamoja na wale wa Kidato cha Sita. Ila na awe na alama isiyopungua D katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza za Kidato cha Nne. Na ili kuingia hiyo stashahada yenyewe yatosha kuwa na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, yakiwamo Fizikia, Kemia na Baiolojia. Masomo yake ni miaka mitatu. Wala mtu wa Simiyu hana haja ya kwenda mbali kuyatafuta, maana chuo cha maafisa tabibu kipo Maswa, ndani ya mkoa huu huu.

Hebu tufanye hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Aliyemaliza Kidato cha Nne akaenda Kidato cha Tano na cha Sita husoma miaka miwili, kisha udaktari miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini: jumla yake ni miaka minane. Aliyemaliza Kidato cha Nne akaenda moja kwa moja Maswa husoma miaka mitatu, akichukuliwa udaktari mara hiyo husoma miaka mitano, na utarajali mwaka mmoja: jumla yake ni miaka tisa. Tofauti ni mwaka mmoja tu! Na yule wa pili, akikwama njiani, ana kazi mkononi. Ni mtu aliyehitimu, awezaye kutibu katika zahanati. Wa kwanza akikwama katika Kidato cha Sita hana kitu mkononi ila karatasi ya matokeo. Hata huyo aliyekwama, akiamua kurudi nyuma akaingia stashahada, njia yake yote tangu Kidato cha Nne itakuwa miaka kumi na mmoja. Ni mingi, lakini si milele. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa nini basi vijana wengi hawaitaki njia hiyo? Twaijua sababu, nayo ni fahari. Kijana aliyefika Kidato cha Sita, au aliyekwisha kukaa chuo kikuu, huona aibu kuketi darasa moja na watoto wa Kidato cha Nne. Mzazi naye huona kuwa ameshushwa. Sisi twasema kuwa aibu hiyo ndiyo ghali kuliko ada zote. Mgonjwa hamuulizi aliyemponya kama alipitia mlango wa mbele au wa nyuma.

KIPAGO KILICHOONDOLEWA

Lakini haki yatudai tuseme na upande wa pili. Tukiwaambia vijana wapande ngazi, hatuna budi kuitazama ngazi yenyewe kama ingali nzima.

Mafunzo ya AMO yalisimamishwa mwaka 2017. Sababu zilizotolewa zilikuwa na maana: madaktari wa shahada wameongezeka, vyuo vya udaktari si kimoja tena, na taifa lataka kila hospitali iwe na daktari kamili. Hatuipingi shabaha hiyo. Ila kipago kile kilifanya kazi mbili, si moja. Kilitoa wapasuaji wa wilayani, na pamoja na hilo kilikuwa njia ya afisa tabibu aliyekwisha kujithibitisha kazini kupanda juu, akipimwa kwa kazi yake na kwa mtihani wa siku hizo, si kwa karatasi ya ujana wake. Leo afisa tabibu wa Itilima au Meatu, aliyetibu miaka kumi, atakaye kuwa daktari, huulizwa kwanza alipata nini katika Fizikia akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Akiwa na F, mlango umefungwa, hata kama ameokoa watu mia.

Hapa ndipo tunapoona dosari. Huyo aliyepata F yamkini ni mmoja wa wale waliosoma katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia. Twamwadhibu kwa upungufu ambao sisi sote, serikali na wananchi, tulikuwa tunaujua. Ni kweli kwamba sheria humruhusu kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, nasi twamhimiza afanye hivyo; D moja ya Fizikia iliyopatikana katika umri wa miaka thelathini ina nguvu ile ile ya D iliyopatikana shuleni. Lakini nani atamfundisha? Zahanati yake ina watumishi wawili au watatu, na akiondoka kwenda kusoma jioni mgonjwa humkosa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. La kwanza, Wizara ya Afya, pamoja na Tume ya Vyuo Vikuu, itengeneze masomo ya daraja ya mwaka mmoja kwa maafisa tabibu waliofanya kazi vijijini kwa miaka isiyopungua mitatu: Fizikia, Kemia na Hisabati za kweli, zenye mtihani mgumu wa mwisho, usiopungua kwa uzito ule wa Kidato cha Sita. Atakayefaulu aingie udaktari. Atakayeshindwa arudi kazini kwake bila fedheha. La pili, halmashauri zetu zitenge nafasi chache kila mwaka za kuwasomesha maafisa tabibu wao wenyewe, kwa mkataba kwamba watarudi. Daktari aletwaye Bariadi kutoka mbali huanza kutafuta uhamisho akiwa bado hajafungua mizigo. Lakini mtoto wa Nkololo au wa Dutwa ana mama yake pale, ana shamba la pamba pale, na makaburi ya babu zake yako pale. Huyo hukaa.

KWA WALIO VYUONI TAYARI

Sasa twageukia wale walio katika shahada ya sayansi na alama zao ni hafifu. Tutawaambia kweli, maana kuwapamba hakuwasaidii.

Shahada iliyopatikana kwa shida haifuti matokeo ya nyuma. Huko Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na mwenye alama mbaya hurudia masomo ya sayansi mwaka mmoja au miwili baada ya kuhitimu, ili wachaguzi waone kuwa mwendo wake sasa ni wa kupanda. Kwetu mlango mkuu bado ni Kidato cha Sita na stashahada. Aliye mwaka wa kwanza au wa pili na ajiulize kwa nini anaanguka: kama ni kazi ya vibarua usiku, kama ni ugonjwa, kama ni lugha ya Kiingereza, kama ni kukosa msingi wa Hisabati, au kama kwa kweli hapendi somo bali apenda cheo. Kila moja ya sababu hizo ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Na aliyekwisha kumaliza na achague mapema: arudie Kidato cha Sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, au aingie stashahada ya utabibu, au aitumie shahada yake katika kazi nyingine za afya.

Vijana hupenda kumtaja John Gurdon, Mwingereza aliyepata tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2012. Mwaka 1949, akiwa shuleni Eton, alikuwa wa mwisho katika Baiolojia kati ya wanafunzi 250, na mwalimu wake akaandika kuwa kutamani kwake sayansi ni upuuzi. Kisa hicho ni cha kweli, nacho ni kizuri. Lakini kisimuliwe chote. Gurdon alipotaka kuirudia sayansi, wazazi wake waliweza kumlipia mwalimu wa pembeni kwa mwaka mzima, kisha Oxford ikamkubali. Alikuwa na bidii, na pia alikuwa na mlango wa pili. Mtoto wa mkulima wa pamba wa Maswa aweza kuwa na bidii ile ile. Mlango wa pili hawezi kujijengea mwenyewe. Mlango huo hujengwa na nchi. Hilo ndilo fundisho la Gurdon kwetu, si kwamba alama ni upuuzi.

TUJIHADHARI NA WAUZA NAFASI

Katika nyumba za kimya tulizozitaja, huja mgeni mmoja ambaye ni lazima tumseme. Huja na vipeperushi vyenye picha za majengo marefu ya nchi za mbali, naye husema kuwa huko udaktari hausumbui, alama zozote hukubaliwa, fedha tu. Baba huangalia zizi. Ng'ombe ishirini, thelathini, huuzwa mnadani, na kijana hupanda ndege.

Hatusemi kuwa kusoma nje ni vibaya. Madaktari wengi wazuri wa nchi hii walisoma Urusi, Uchina, India na Cuba. Tusemalo ni hili: shahada ya nje haina nguvu hapa mpaka itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, na mwenye shahada hiyo hawezi kutibu mpaka apite katika Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina mitihani na masharti yake. Aliyekwenda bila sifa za kumwingiza katika udaktari hapa nyumbani aweza kurudi baada ya miaka sita akakuta kuwa karatasi yake haimpi hata utarajali. Ng'ombe wamekwisha, miaka imekwisha, na kijana ni mtu mzima asiye na kazi. Basi, kabla zizi halijafunguliwa, mzazi na aiulize Tume na aliulize Baraza. Swali hilo halina gharama kubwa. Kutokuliuliza ndiko kunakofilisi.

WAGANGA SI MADAKTARI PEKE YAO

Neno moja limebaki. Tumezungumza juu ya daktari kana kwamba hospitali ni daktari. Aingiaye katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kule Nyaumata na ahesabu mikono itakayomgusa kabla hajapona: muuguzi, mtu wa maabara aliyepima damu, mfamasia aliyetoa dawa, mtaalamu wa mionzi, mtaalamu wa usingizi, na mkunga. Ukimwondoa mmoja wao kazi ya daktari husimama. Kijana ambaye Fizikia ilimshinda kabisa, lakini ana mkono mtulivu na jicho la makini, hajafukuzwa katika kazi ya kuponya watu. Amefungiwa chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba vingi.

Tunaomba walimu wa Simiyu wayaseme hayo darasani mapema, katika Kidato cha Pili na cha Tatu, kabla ya matokeo na si baada yake. Kambi za kitaaluma zilizoanzishwa mkoani wakati wa Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka zilithibitisha kuwa wananchi wakiamua huweza kuwakusanya watoto na walimu mahali pamoja wakasoma kwa bidii. Basi katika kambi za namna hiyo wafundishwe pamoja na Kemia hesabu tuliyoifanya hapo juu, ya miaka minane na miaka tisa, ili mtoto ajue kuwa ziko njia mbili na kila moja ina bei yake.

Maradhi ni adui aliyetajwa tangu siku za kwanza za Uhuru, pamoja na ujinga na umaskini. Vita hivyo bado vyaendelea, na askari hawatoshi. Kijana mwenye alama hafifu aambiwe wazi asilolijua na apewe muda wa kulijifunza. Akiisha kulijua, apimwe kwa ukali ule ule wapimwao wenzake, na akipita apokelewe. Na sisi wengine, tulio katika halmashauri, katika wizara na katika vyama vya wafanyakazi, tuvirudishe vipago vilivyoondolewa katika ngazi, ili kijana huyo akiinua mguu apate mahali pa kukanyaga.